Barua Iliyowekwa Mahabusu

Hapo zamani, na msicheke, maana kwa mtoto ambaye kitovu chake kimedondoka juzi mwezi uliopita ni zamani za kale. Basi hapo zamani za mtoto huyu niliyempakata, kulitokea jambo. Sogeeni karibu. Wewe uliye mlangoni funga mlango, baridi ya huku milimani haijui mgeni wala mzazi. Chukueni vikombe. Nitawasimulia, na nikimaliza sitawaambia la kufikiri. Nitawauliza. Atakayekunywa chai yangu halafu asinijibu, nitamkumbuka siku akija kuomba mbegu za maharage.

Palikuwa na hospitali, ile ile mliyozalia nusu yenu. Mapokezi palikuwa na kompyuta, ndani ya kompyuta mlikuwa na sanduku la barua pepe, na sanduku lile lilikuwa limejaa takataka. Kila asubuhi zinaingia: barua ya mtu asiyejulikana anayegawa urithi, barua ya dawa ya kuongeza hiki na kupunguza kile, barua ya bahati nasibu ambayo hakuna aliyeicheza. Barua ya kweli ikiingia humo, kuipata ni kama kutafuta punje ya mchele kwenye gunia la pumba. Daktari Mrutu, mganga mkuu, akafika mahali pa kusema, "Lifungeni sanduku hili. Turudi kupeleka karatasi kwa basi."

Ndipo akaja mtu wa kwanza.

Mtu wa kwanza anaitwa Eliamani, mtoto wa marehemu mwalimu wa kwaya. Alisomea kompyuta mjini akarudi huku, na aliporudi alitengeneza kichujio cha barua. Mimi nilielezwa mpaka nikaelewa, na kama mimi nimeelewa, ninyi hamna kisingizio. Kumbe duniani kuna watu ambao kazi yao ni kuweka orodha ya nyumba zinazotoa barua taka. Wanaiita orodha ya wazuiwa. Kichujio cha Eliamani kila kinapopokea barua kinaiuliza orodha: nyumba iliyotuma barua hii inajulikana kwa ubaya? Ikijibu hapana, barua inapita. Ikijibu ndiyo, barua haipiti.

Sasa, isipopita inakwenda wapi? Wenzake walimwambia azichome zote, zisimjazie nafasi. Eliamani akakataa. Akasema, "Mshukiwa hajawa mwizi. Apewe pa kulala kwanza." Akajenga chumba nyuma ya sanduku, barua zilizoshukiwa zikawa zinalala humo. Akakiita mahabusu.

Sanduku la hospitali likawa safi. Daktari akafurahi. Eliamani naye akafurahi, akahamia kwenye kazi nyingine. Mafundi mnawajua: kitu kikishafanya kazi, kwao kimekwisha. Kwamba mahabusu ipo, na jinsi ya kuifungua, hakuandika popote. Ilikuwa kichwani mwake, naye kichwa chake alikuwa anatembea nacho.

Akaja mtu wa pili.

Mtu wa pili anaitwa Nakijwa, mwalimu wa chekechea. Zahanati na shule nyingine zilikuwa zimeanza kukiomba kichujio, na Eliamani akaona kinahitaji mwongozo wa Kiswahili. Akamwendea Nakijwa, kwa sababu mtu anayeweza kumweleza mtoto wa miaka minne kwa nini viatu haviliwi anaweza kumweleza yeyote chochote. Nakijwa alikuwa na namna yake ya kuandika. Kila ukurasa aliouandika aliwasomea wazazi waliokuja kuchukua watoto. Mzazi akitazama pembeni, Nakijwa anafuta sentensi. Mzazi akikunja uso, anaandika upya. Wazazi wengine walianza kuwatuma mashangazi wakachukue watoto badala yao.

Akafika kwenye ukurasa wa orodha ya wazuiwa. Akamwita Eliamani.

"Mdogo wangu, umenieleza orodha inavyowashwa. Hujanieleza inavyokosea."

"Dada, haikosei."

"Imeandikwa na nani?"

"Na watu."

"Basi inakosea."

Eliamani akakuna kichwa. Akasema, "Sawa. Orodha haimwandiki mtu, inaandika nyumba. Kama nyumba ya kupanga ina mpangaji mmoja mwizi, wanautia alama mlango wa nje."

"Na wapangaji wengine, wanaopita mlango huo huo?"

Eliamani akageukia kompyuta yake. Baadaye akasema, "Dada, tukiandika hivyo watu watakiogopa kichujio."

"Watakaokiogopa ni wale ambao hawakuambiwa."

Akaandika ukurasa. Eliamani akaufuta. Akauandika tena. Eliamani akaufuta tena. Nakijwa akamwambia, "Ukurasa huu usipokuwamo, na jina langu lisiwemo, na mwongozo wenyewe utauandika mwenyewe na Kiswahili chako hicho cha mashine." Wakavutana mpaka wakakubaliana: ukurasa utakuwamo, ila mwisho kabisa, nyuma ya ukurasa wa shukrani. Nani anasoma kinachofuata shukrani? Nakijwa alijua hilo. Alikubali kwa sababu alikuwa amechoka.

Ukurasa wenyewe nimeuona, nimeushika. Unaanza hivi: "Mtu akikuambia amekutumia barua, na wewe hujaiona, usibishane naye. Huenda nyote wawili mnasema kweli. Fungua mahabusu." Halafu unaeleza, bonyeza hapa, kisha hapa. Na chini yake unaeleza jinsi ya kukiambia kichujio: huyu namfahamu, siku nyingine mwache apite.

Mtauliza, kwa nini alikazana vile kwa ukurasa mmoja? Mimi nilimuuliza. Nakijwa alikuwa na kaka, Zihirwani, aliyekwenda kufanya kazi migodini. Walikosana kwa jambo dogo la shamba. Kaka akamwandikia barua pepe ya kuomba yaishe. Haikujibiwa. Akaandika nyingine. Haikujibiwa. Siku moja akapiga simu, akasema, "Nimekuandikia." Nakijwa akasema, "Muongo, hujaandika." "Nimeandika." "Hujaandika." Akakata simu. Zihirwani akafa mgodini, na dada mtu alikuja kuziona barua baada ya mazishi, zote zimelala upande wa takataka, kila moja inaanza na neno "Dada."

Aliponisimulia hili nililia, sioni haya kusema. Mpeni kitambaa huyo anayejifanya ana mafua.

Akaja mtu wa tatu.

Mtu wa tatu anaitwa Kibacha, mpokeaji wa wagonjwa hapo mapokezi. Kibacha ana ugonjwa wa kusoma. Anasoma paketi ya sabuni, anasoma gazeti lililofungiwa vitumbua, anasoma kikaratasi cha dawa za watu wengine. Mwongozo wa Nakijwa ulipofika hospitali, wenye hospitali waliupa kazi siku hiyo hiyo: waliuweka chini ya mguu wa meza ya kompyuta, maana meza ilikuwa inayumba. Kila mchana Kibacha aliuchomoa, akala chakula chake meza ikiyumba, akasoma ukurasa mmoja au miwili, akaurudisha. Akausoma wote. Akasoma na shukrani. Akasoma na kilichofuata shukrani.

Basi hao ndio watatu. Sasa sikilizeni habari ya mwanangu Naetwe.

Naetwe alipelekwa hospitali uchungu ukiwa umeanza vibaya. Damu yake, tangu mimba ya kwanza ile iliyoharibika, ilikuwa imekuwa ngumu: haikubali damu ya kila mtu, hata ya kundi lake. Kwenye jokofu la hospitali mlikuwa na mifuko miwili ya damu ya kundi lake. Damu ya mmoja ilitolewa Jumatatu, ya mwingine Jumatano. Kwa macho ilikuwa sawa kabisa. Lakini mmoja ungeweza kumfaa na mwingine kumuua, na huku kwetu hakuna mashine ya kujua upi ni upi. Siku chache kabla, daktari alikuwa amepeleka vipimo vya mifuko yote miwili na damu ya Naetwe kwenye maabara kubwa mjini. Jibu lingekuja kwa barua pepe. Maabara ile ina sheria yake: majibu ya damu hayasemwi kwa simu. Ni sheria nzuri, maana mtandao wa huku mnaujua, unakupa nusu ya neno.

Asubuhi hiyo Kibacha akapiga simu maabara. "Jibu letu liko wapi?"

Binti wa maabara akasema, "Tumetuma."

"Hatujapokea."

"Tumetuma, kaka yangu."

"Dada, mimi nina macho. Hatujapokea. Msitudanganye, huku kuna mgonjwa."

"Natuma tena."

Akatuma tena. Wakangoja. Kibacha akapiga tena.

"Tumetuma."

"Hatujapokea."

Mvua ikanyesha, mtandao wa simu ukaondoka.

Mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi la ukumbini nimeshika kanga ya mwanangu. Niliona wauguzi wanatembea, kisha nikaona wanakimbia. Naetwe alikuwa anatokwa na damu. Daktari Mrutu akatoka chumba cha upasuaji, akauliza, "Barua?" Kibacha akasema, "Bado." Daktari akasema, "Siwezi kungoja barua huku mama anaisha. Leteni mfuko wa Jumatatu."

Kwa nini wa Jumatatu? Kwa sababu ndiyo desturi ya jokofu lao: iliyotangulia kuingia hutangulia kutoka, isije ikaharibika. Daktari hakukosea. Alifuata taratibu, kwa kuwa hakuwa na kingine cha kufuata.

Muuguzi akaja na mfuko wa Jumatatu. Akapita mbele yangu nao. Kibacha alikuwa amesimama pale akiutazama, na akatusimulia baadaye kwamba sauti yake mwenyewe ya asubuhi ndiyo iliyomrudia, ile ya "msitudanganye". Na nyuma ya sauti hiyo yakaja maneno aliyoyasoma meza ikiyumba: usibishane naye, huenda nyote wawili mnasema kweli.

Akaenda akasimama katikati ya mlango wa chumba cha upasuaji, mikono ameshika miimo.

"Daktari, naomba usimpe mfuko huo."

"Kibacha, ondoka mlangoni."

"Barua ipo. Imo humu humu ndani. Nipe muda mfupi tu niitoe."

"Nani kakuambia?"

"Nimesoma."

Daktari akamtazama. Akasema, "Nenda. Ukirudi mikono mitupu, usirudi na kesho."

Kibacha akakimbia. Akauchomoa mwongozo chini ya mguu, meza ikalala upande, kikombe cha mhasibu kikavunjika sakafuni. Akafungua nyuma ya shukrani. Bonyeza hapa, kisha hapa. Mahabusu ikafunguka, na ndani yake, katikati ya wagawa urithi na wauza dawa, zilikuwamo barua mbili za maabara, zimelala jirani. Zote zilisema jambo moja. Mfuko wa Jumatatu asipewe kabisa. Apewe wa Jumatano.

Nilimsikia akiisoma kwa sauti kuanzia mapokezi, anakuja mbio huku anapiga kelele, "Jumatano! Jumatano!" Wagonjwa waliokuwa foleni walidhani amepata kichaa. Mimi sikuelewa kitu, lakini nilisimama.

Baadaye ikajulikana. Maabara ilituma barua zake kupitia kampuni ambayo mteja wake mwingine alikuwa muuza dawa za nguvu za kiume, na huyo alisambaza matangazo yake mpaka mlango mzima ukatiwa alama. Mnamkumbuka yule mpangaji mwizi? Ndiye huyo.

Naetwe akapewa damu ya Jumatano. Akaishi. Na huyu hapa akatoka akiwa na hasira, amekunja ngumi, mpaka leo hajazikunjua vizuri. Tazameni.

Sasa mnajua desturi ya nyumba hii. Mtoto aliyevutwa kutoka mlango wa kifo hapewi jina la bibi wala la babu. Anapewa jina na yule aliyemvuta, na huyo anakuwa somo wake maisha yote: ndiye anayemnyoa nywele za kwanza, ndiye anayemshika mkono siku ya kwanza ya shule, na mtoto akiudhika nyumbani, kwa somo wake ndiko anakokimbilia. Somo ni mmoja, hawawi wawili. Wala haijalishi ni mwanamume au mwanamke. Marehemu mume wangu aliitwa jina la mkunga wake, jina la kike kabisa, na wote waliomcheka walikoma wenyewe.

Jana niliwaita wote watatu. Walikaa hapo mlipokaa. Nikawaambia, "Semeni, na msione haya."

Eliamani akaanza. "Bibi, bila kichujio changu sanduku lile lingefungwa zamani, maabara wasingekuwa na pa kutuma. Na wenzangu walitaka barua zichomwe. Mimi nilikataa. Ingechomwa, hata Kibacha angefungua angekuta majivu. Bila mimi, mtoto huyu hayupo." Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Na mimi na mke wangu, Bibi, Mungu hajatupa. Ningefurahi kuwa na mtu wa kumshika mkono siku ya shule."

Nikasema, "Kweli kabisa, mwanangu. Kunywa chai."

Kibacha akasema, "Lakini Bibi, huyu ndiye aliyeifunga hiyo barua. Na ndiye aliyeufuta ukurasa, mara mbili."

Eliamani akainamisha kichwa. Hakukana.

Nakijwa hakutaka kusema. Nilimlazimisha. Akasema, "Mama, chumba kisichojulikana kina tofauti gani na moto? Barua ingelala humo mpaka ife. Mimi niliuandika mlango wake mahali ambapo mtu anaweza kuusoma. Bila mimi, mtoto huyu hayupo." Akafuta macho. "Jina langu silihitaji. Nikipewa kuwa somo, ningempa la Zihirwani. Nimekuwa na neno la kumwambia miaka yote hii, na sina wa kumwita kwa jina hilo."

Nikasema, "Kweli kabisa, mwanangu. Kunywa chai."

Eliamani akasema, taratibu, bila ukali, "Lakini dada, ulikubali ukurasa ukae nyuma ya shukrani. Ulijua hakuna atakayefika huko."

Nakijwa akasema, "Nilijua." Akashika kikombe bila kunywa.

Kibacha akaja wa mwisho. "Bibi, kichujio kilikuwapo, mwongozo ulikuwapo, na mfuko wa Jumatatu ulikuwa mkononi mwa muuguzi. Kichujio na mwongozo visingemzuia, havina miguu. Mimi nilisimama mlangoni. Bila mimi, mtoto huyu hayupo." Akanyoosha kidole, na huyu mtoto, bila kuambiwa na mtu, akakishika. Mwanamume mzima, analia kwa kidole.

Nikasema, "Kweli kabisa, mwanangu. Kunywa chai."

Nakijwa akamtazama kwa huruma. Akasema, "Lakini Kibacha, ulikuwa umeshausoma. Ulikuwa unajua tangu asubuhi. Na neno la kwanza nililoandika ni usibishane."

"Nilibishana," Kibacha akasema. "Tangu asubuhi mpaka mchana. Na Naetwe alikuwa anaumia muda wote huo."

Nikawajazia vikombe wote watatu. Nikaingia chumbani kumuuliza Naetwe. Akaniambia, "Mama, mimi nilikuwa nimelala. Waulize waliokuwa macho."

Basi nawauliza ninyi. Kesho asubuhi watakuja tena na wembe mpya na maji ya uvuguvugu, na mmoja wao tu ndiye atakayemnyoa. Kwenye kadi ya kliniki ameandikwa Mtoto wa Naetwe, na hilo si jina la kukulia. Yuko aliyeijengea barua chumba badala ya kuichoma, na ndiye aliyeifungia humo. Yuko aliyeandika njia ya kuifungua, akakubali njia ifichwe. Yuko aliyeisoma njia akasimama mlangoni, na kabla ya kusimama alikuwa amebishana. Wote nawapenda. Ningekuwa na wajukuu watatu, msingekaa hapa.

Msiangalie vikombe. Ameamka huyu, anawasikiliza. Je, nani anastahili kuwa somo wake, na kesho nimwite nani?